Fyuzi imeungua: ubadilishe mwenyewe, umwite fundi rewaya au upeleke gari kwenye mashine?

Tulikuwa tumeshaipita Gairo, saa mbili usiku, Noah imejaa watu wanaokwenda msibani Dodoma, mara taa za dashibodi zikazima. Taa kubwa za mbele zinawaka, injini haina shida, nikasema moyoni tutaangalia tukifika. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yangu hakukubali. Alinimulika, akapiga honi, akanimulika tena mpaka nikaegesha. Kumbe nyuma ni giza tupu: nikikanyaga breki taa zinawaka, nikiachia hakuna kitu. Fyuzi iliyoandikwa TAIL, ya ampea 10, ilikuwa imekata.

Hapo hapo nikapata mafundi watatu. Shemeji yangu akasema, "Chomoa fyuzi ya redio, pachika hapo, twende." Baba mdogo akataka turudi Gairo tukamgongee fundi hata kama amelala. Na mpwa wangu, ambaye ndiye msomi wetu, akaonya kwamba magari ya siku hizi ni kompyuta, ukigusa bila kupima kwa mashine unaharibu. Wote watatu walisema kweli, ila kila mmoja alikuwa anaongelea gari lenye ugonjwa tofauti.

Njia zenyewe ndizo hizo tatu, iwe uko Gairo au Ngong Road ya Nairobi: mkono wako, fundi umeme wa magari (Dar tunamwita fundi rewaya), au gereji yenye mashine ya kusoma makosa. Kabla ya kuzipambanisha, tuelewane jambo moja, kwa sababu wengi wanalikosea na ndilo linaloamua mengine yote.

Fyuzi inalinda waya

Ukiuliza watu, watakwambia fyuzi ya redio inalinda redio. Hapana. Redio inaweza kufa na fyuzi ikabaki nzima. Fyuzi ipo ili waya unaotoka kwenye boksi mpaka kwenye redio usipate moto ukaunguza gari. Mtengenezaji anaangalia unene wa waya na mzigo utakaobebwa, kisha anaweka fyuzi itakayokata kabla waya haujaanza kuyeyuka. Ukiweka ya ampea 30 mahali pa 10, unaufanya waya wenyewe ndio uwe fyuzi, nao umepita chini ya zulia, nyuma ya dashibodi, karibu na sponji za viti.

Kwa hiyo fyuzi iliyokata ina habari ya kukupa. Ichomoe uiangalie kwenye mwanga. Kijiwaya cha ndani kikiwa kimeachana katikati tu, plastiki safi, mara nyingi ni mzigo uliozidi kidogo, au fyuzi imechoka. Ndani kukiwa na weusi na vijidoa vya chuma vimerukia plastiki, hiyo ni shoti: umeme ulipita kwa kishindo. Na kama kijiwaya ni kizima lakini plastiki imebonyea au miguu imebadilika rangi, basi tundu lake limelegea na linachemka. Hiyo ya mwisho haiponi kwa kubadilisha fyuzi hata ubadilishe mia.

Vigezo nilivyotumia

Njia zote tatu nimezipima kwa mambo manne: inaweza kuona tatizo la aina gani, hatari yake kwako na kwa gari, muda na fedha, na inamfaa nani. Bei za shilingi sitaji, zinatofautiana mno kati ya mji na mji na hata kati ya fundi na fundi wa mtaa mmoja.

Njia ya kwanza: kubadilisha mwenyewe

*Inaona nini.* Inaona tukio la mara moja. Pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye tundu la kiberiti imekwama, fyuzi ya CIG imekata. Unachomoa pampu, unaweka fyuzi mpya, maisha yanaendelea. Hesabu yake ni nyepesi: wati gawanya kwa volti 12. Tundu la kiberiti lenye fyuzi ya ampea 15 linabeba kama wati 180, kwa hiyo inveta ya wati 300 uliyonunua ili utazame mpira safarini itaikata tu ukiipa mzigo wake kamili. Vivyo hivyo balbu za wati 100 mbili badala ya zile za 55: zilizokuwa zinakula ampea 9 sasa zinakula 17. Hapo gari halina ubovu, mwenye gari ndiye aliyelizidishia.

Usichokiona kwa njia hii ni chanzo kilichojificha. Fyuzi mpya ikikaa, umepona au umeahirisha. Hutajua ni lipi mpaka siku kadhaa zipite.

*Hatari.* Ndogo, ukifuata utaratibu. Zima injini, toa ufunguo, zima kile kifaa chenyewe. Tafuta boksi, magari mengi ya Toyota yana moja chini ya dashibodi upande wa dereva na jingine chini ya boneti. Mfuniko wake ukiwa umeandikwa Kijapani, vile vifupisho vya herufi za Kilatini kwa kawaida vipo palepale: STOP (taa za breki), HORN (honi), EFI (mfumo wa mafuta wa injini), DOME (taa ya ndani). Ndani ya boksi la boneti mara nyingi utakuta kibanio kidogo cha plastiki cha kuchomolea. Kitumie, bisibisi itakuletea shoti nyingine.

Fyuzi mpya iwe ya ampea zilezile. Kwa zile bapa za kawaida rangi zinasaidia: 5 ni kaki, 7.5 kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 haina rangi, 30 kijani. Lakini usiamini rangi peke yake. Zile nene za kisanduku zilizoko chini ya boneti zina rangi zake: ya kijani kule ni 40, ya pinki ndiyo 30. Soma namba iliyopigwa kichwani. Na fyuzi kubwa zilizofungwa kwa boliti karibu na betri uziache. Ukitaka kuzigusa lazima ufungue temino ya betri kwanza, tena uanze na hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utaona cheche ambazo hutazisahau.

*Muda na fedha.* Dakika tano, na pakiti ya fyuzi mchanganyiko haigharimu mlo wa mchana. Angalizo: kuna fyuzi za bei ya kutupa ambazo hazikati kwa namba iliyoandikwa. Nikinunua Kariakoo nachagua zenye miguu minene na namba inayosomeka vizuri. Zile ambazo miguu yake inapinda kwa vidole naziacha mezani.

*Inamfaa nani.* Mtu yeyote anayeendesha, kwa sharti moja: unabadilisha mara moja. Ikikata tena, kazi ya mkono wako imeishia hapo.

Usiku ule tulimfuata shemeji. Fyuzi ya redio nayo ilikuwa ya 10, nikaipachika kwenye TAIL, nyuma kukawaka, tukaondoka kimya bila muziki, jambo ambalo kwa safari ya msiba halikumuudhi mtu. Tulifika Kibaigwa salama. Pale nikafungua mlango wa nyuma kutoa maji ya kunywa, na taa zikazima tena.

Njia ya pili: fundi rewaya

*Inaona nini.* Hapa ndipo penye utajiri, na mimi nina upendeleo, nikiri mapema. Fundi mzuri wa umeme anaona kitu ambacho wewe huna na mashine haina: mahali waya unapoumia. Anajua kwamba kwenye Noah, Probox na magari yote yenye mlango wa nyuma wa kuinuka, nyaya zinapita kwenye bomba la mpira pale kwenye bawaba, na kwa miaka kumi ya kufungua na kufunga zinachanika ngozi. Anajua redio iliyofungwa na kijana wa barabarani imeungwa wapi, na alamu imeiba umeme kwenye waya gani.

Dodoma nilimpata mmoja chini ya mwarobaini, mtu mzima, vifaa vyake vyote kwenye ndoo ya rangi. Nikamweleza ya Kibaigwa. Hakuuliza swali la pili. Alichukua balbu ya indiketa, ya wati 21, iliyounganishwa nyaya mbili, akazichomeka zile nyaya kwenye tundu la fyuzi badala ya fyuzi yenyewe. Akawasha taa ndogo. Balbu ikawaka, lakini kwa kufifia.

"Bosi, hebu inua mlango wa nyuma taratibu," akaniambia.

Nikainua. Ulipofika nusu, balbu iliwaka kwa nguvu zote, nyeupe. Nikashusha, ikafifia. Nikainua, ikawaka. "Umeona?" akasema, na hakuongeza neno. Balbu ile inapitisha chini ya ampea mbili tu, kwa hiyo hata shoti ikiwepo haiunguzi kitu. Ikiwaka kwa nguvu zote maana yake umeme wote unakimbilia kwenye bodi, ikififia maana yake unapita kwenye taa kama inavyotakiwa. Akavuta lile bomba la mpira, akakuta waya wa kijani umebaki shaba tupu kwa urefu wa punje ya mchele. Aliukata, akaunganisha kipande kirefu kidogo ili usivutike, akauchomelea kwa risasi na kuuvisha kijibomba cha kuhami. Saa moja na nusu, pamoja na soda.

*Hatari.* Inategemea mtu, na hapo ndipo njia hii inapolegea. Fundi mbaya atakukatia waya pasipostahili, ataunganisha kwa kusokota na kufunga selotepu ya karatasi, na miezi sita baadaye utakuwa na matatizo matatu badala ya moja. Kuna pia nyaya ambazo taa ya kupimia yenye balbu haitakiwi kuzigusa: zile za kompyuta ya injini na za mifuko ya hewa. Soketi za mifuko ya hewa kwa kawaida ni za njano. Fundi akianza kuchokonoa ya njano kwa testa, mwambie ahsante na uchukue ufunguo wako. Toyota huelekeza kusubiri angalau sekunde 90 baada ya kufungua temino hasi kabla ya kugusa mfumo huo.

Dalili za fundi wa kumwamini ni ndogo ndogo. Anauliza kabla ya kufungua: ilikata ukiwa unafanya nini, kuna kitu kimefungwa karibuni, gari limewahi kugongwa? Ana maltimita, kile kipimo cha volti na ampea, na anaitumia. Anarudisha fyuzi ya namba ileile. Na hasiti kukwambia "hii si yangu, ipeleke kwenye mashine".

*Muda na fedha.* Shoti ya wazi ni saa moja au mbili. Ile inayokuja na kuondoka inaweza kula siku nzima, na hapo unalipia uvumilivu wake. Patana naye mapema: malipo ya kutafuta ni kiasi gani, ya kutengeneza kiasi gani.

*Inamfaa nani.* Mwenye fyuzi inayokata mara ya pili. Mwenye gari la miaka mingi lenye umeme wa kawaida: taa, honi, waipa, vioo, feni, kufuli za milango. Na yeyote aliyenunua gari lililokuwa na alamu, redio kubwa na taa za urembo za mwenye nalo wa kwanza.

Njia ya tatu: gereji yenye mashine

*Inaona nini.* Mashine inazungumza na kompyuta za gari na kusoma makosa zilizoyahifadhi. Kwa tatizo la injini, gia za otomatiki, ABS (breki zinazozuia tairi zisijifunge) au mifuko ya hewa, haina mpinzani: fundi wa mwarobaini angetafuta siku tatu kitu ambacho mashine inakuonyesha kwa dakika mbili, pamoja na volti za kila sensa (kihisio kinachoipa kompyuta habari) wakati injini inaunguruma. Katika magari mapya, ambayo hata taa na honi zinaamriwa na kompyuta, inaona karibu kila kitu.

Kisichoonekana ni waya wenyewe. Mashine itasema sensa fulani haitoi ishara; haitasema kama sensa imekufa, waya umekatika, ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi) imeshika kutu au fyuzi yake imekata. IST ya nyumbani kwetu iliwahi kuwasha taa ya injini, gereji moja ikasoma makosa saba kwa mpigo na kutuuzia sensa mbili. Taa ikarudi Jumatatu yake. Gereji ya pili, mashine ileile, ila kijana aliyeishika alijiuliza kwa nini sensa saba ziugue siku moja. Akakuta tundu la fyuzi inayozilisha limelegea. Tangu hapo, makosa mengi yakija pamoja, mimi huuliza kwanza kuhusu betri, ethi na fyuzi.

Vijimashine vya kuchomeka vya Bluetooth vinasaidia, lakini vimejengwa kwa utaratibu ambao Marekani iliulazimisha kwa magari ya kuanzia 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayakufungwa na sheria hizo, kwa hiyo usishangae tundu likifanana na kijimashine chako kisisome kitu.

*Hatari.* Kwa gari ni ndogo, kusoma hakuharibu. Hatari iko mfukoni, kwa kubadilishiwa vipuri kwa kubahatisha, na katika ule mtindo wa kufuta makosa bila kutengeneza. Taa inazima, unafurahi, inarudi ukiwa Mikumi.

*Muda na fedha.* Kusoma ni haraka. Foleni, na kipuri kinachoagizwa, ndivyo vinavyochelewesha. Kwa kazi ndogo kama ya taa ya nyuma, utalipa zaidi kuliko kwa fundi rewaya na huenda wakamwita fundi rewaya huyohuyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye gari jipya, lenye taa ya onyo isiyozima, au linalozima barabarani na kuwaka lenyewe. Na mwenye haibridi, gari la petroli na umeme, kwa sababu nitakazozitaja chini.

Na ile ya waya na karatasi ya sigara?

Nimeiona, na wewe umeiona: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imeviringishwa miguu ya fyuzi iliyokufa, au kipande cha waya kimepachikwa moja kwa moja. Sikuiweka kwenye ulinganisho kwa sababu haina cha kulinganishwa. Inafanya kazi, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Inafanya kazi mpaka waya ule wa punje ya mchele uguse bodi, na safari hii hakuna cha kukata. Umekwama huna fyuzi? Azima ya namba ileile kwenye kitu usichokihitaji, redio au tundu la kiberiti. Ikikosekana ya namba ileile, weka ndogo zaidi. Kubwa usiweke.

Kulingana na ulipo

Imekata mara moja na unajua ulichokuwa umechomeka: badilisha mwenyewe na uache kukichomeka.

Imekata, umebadilisha, imekata palepale: usipoteze ya tatu. Hiyo ni shoti iliyo wazi, na ndiyo rahisi kuliko zote kwa fundi rewaya. Kama ni ya vioo au redio, endesha bila hiyo mpaka umfikie. Kama ni ya taa za nyuma, breki au waipa wakati wa mvua, usiendeshe usiku wala kwenye mvua kwa matumaini.

Inakata ukipita kwenye matuta, ukifungua mlango au ukikata kona: mfuate fundi, na umwambie hasa ilikata ukiwa unafanya nini. Maelezo hayo yanapunguza nusu ya kazi, na nusu ya bili pia.

Taa ya injini, ABS au mfuko wa hewa inawaka na fyuzi zote ni nzima: mashine. Lakini kabla ya kwenda, pima betri au upimiwe. Ikiwa imetulia iwe karibu volti 12.6, injini ikiunguruma iwe kati ya 13.8 na 14.5. Iliyochoka inazaa makosa ya uongo.

Una Aqua au Prius: fyuzi za kawaida za volti 12 unaweza kubadilisha kama gari lingine lolote. Nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse, wala fundi asiye na mafunzo nazo asiziguse. Betri kubwa ya Aqua za kizazi cha kwanza ni volti 144 na ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu ni 201.6, na umeme wa namna hiyo hausubiri uulize.

Unanusa plastiki inayoungua au unaona moshi: hapa hakuna kuchagua njia. Egesha, zima, toa watu wote, wasogee mbali. Kama moshi ni mdogo na unaifikia betri bila kujiinamishia juu yake, fungua temino hasi. Kama tayari kuna moto chini ya boneti, usiifungue yote. Ukifungua unaulisha hewa. Mtungi ule mwekundu wa kuzimia moto ambao wengi tumeununua kwa ajili ya trafiki unapulizwa kupitia upenyo mdogo. Maji usimwage.

Na kama ilikata juzi, ukabadilisha, ikakaa, na kesho una safari: leo jioni washa taa zote, mtu asimame nyuma ya gari, kisha fungua na kufunga kila mlango mara kumi, ule wa nyuma mara ishirini. Bora izime ukiwa nyumbani kuliko baada ya Gairo.